Anayeuguza naye ahesabiwe

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka wodini kurudi kwao Kilolo au Rungwe, kazi ya muuguzi humwangukia mke, binti au bibi. Ndiye atakayemgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, na kumketisha wima anapomlisha ili chakula kisimpalie. Mara nyingi hakuna aliyemfundisha, na faili la mgonjwa halimtaji.

Nyanda za Juu Kusini zinaufahamu mzigo huu. Utafiti wa UKIMWI wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima wa Iringa ni asilimia 11.1, wakati kitaifa ni 4.4. Kabla ya dawa za kufubaza virusi kuenea, akina mama wengi waliuguza wanao hadi kuwazika, kisha wakabaki na wajukuu. Mbeya kikazaliwa Kikundi cha Huduma Majumbani, KIHUMBE, kikiwafuata wagonjwa hukohuko vitandani. Dawa zimepunguza vifo, ila bibi wa wakati ule sasa ni mzee, na huenda bado anauguza mtu.

Misaada ipo. TASAF huzipa ruzuku kaya maskini, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Lakini mikopo hiyo kwa kawaida hupitia vikundi, na kikundi kina vikao, biashara na marejesho. Mama mwenye mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kuachwa peke yake, atahudhuria saa ngapi? Kibarua wa mashamba ya chai Mufindi aliyehamia kutoka mbali hana hata shangazi wa kumshikia mgonjwa. Bibi Msafwa asiyeelewa vizuri Kiswahili huelezwa dozi mara moja tu, dirishani, huku foleni ikimsukuma. Kwa maoni yangu, kinachowapungukia kwanza hawa ni saa. Fedha itawafaa ikiwanunulia saa hizo.

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, awali shilingi 20,000, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Bara haina pensheni ya namna hiyo. Bibi wa Mafinga angeipata, angemlipa binti wa jirani ashinde na mgonjwa siku ya mnada.

Wakati hilo likisubiri bajeti, wodi zinaweza kuanza kesho. Kabla ya kumruhusu mgonjwa, muuguzi amwite anayekwenda kumhudumia, amweleze kwa Kihehe au Kinyakyusa ikibidi, amwone akimgeuza mgonjwa kwa mikono yake mwenyewe, kisha aandike jina lake kwenye kadi pamoja na namba ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chao. Na mhudumu huyo akifika nyumbani, awapime presha wote wawili.