Saa ya Kuchota Sampuli
Oksijeni iliyoyeyuka katika kijito hupanda na kushuka kutwa kucha. Mchana mwani na mimea ya majini huizalisha. Usiku kila kiumbe huitumia bila kuirudisha, hivyo hufikia kiwango cha chini zaidi karibu na alfajiri. Joto nalo lina mkono wake: maji baridi ya nyuzi 10 za selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 11 kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki 8. Basi aliyepima alfajiri na jirani yake aliyepima alasiri wataleta namba zinazogombana kuhusu maji yaleyale. Ndiyo maana nashikilia kwamba mratibu wa wapimaji wa kujitolea asianze kwa kujisifia wingi wao. Aulize kwanza wanachota lini, kwa kifaa gani, na nani amewatahini.

Mji wa Atlanta, Marekani, unaonyesha jinsi maswali hayo yanavyoweza kujibiwa. Kijito cha Peachtree Creek hukusanya maji ya kaunti ya DeKalb, hupita Fulton, kisha humwagikia mto Chattahoochee. Bomba la majitaka likipasuka upande wa juu, anayenusa uvundo ni mkazi wa chini, ambaye mara nyingi hana sauti katika ofisi inayohusika. Tangu 2010, shirika la Chattahoochee Riverkeeper limekuwa likipokea sampuli za wakazi na kuzipima maabarani bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi. Mpango wa jimbo, Georgia Adopt-A-Stream, nao hufundisha wapimaji na kuwapa vyeti vya kuhuishwa kwa mtihani.

Wapo wanaosema namba za wasio wataalamu hazimtii mtu hatiani. Kweli, na si kazi yake. Kazi yake ni kumwonyesha fundi pa kuchimba. Mvua ikinyesha, kinyesi cha mbwa na uchafu wa barabarani husombwa kijitoni, na E. coli kupanda siku hiyo si ajabu; ikibaki juu wiki baada ya wiki za kiangazi, shuku bomba. Mfuatano huo hauonekani kwa ofisa anayepita mara chache kwa mwaka.

Pingamizi zito zaidi ni jingine: watu hupima karibu na kwao, na wenye nafasi ya kujitolea si lazima wawe wanakaa penye maji machafu zaidi. Dawa yake ni mratibu kuchagua vituo kabla ya kutafuta watu, na pale pasipo na mtu mwenye gari, sampuli zifuatwe, zikiwa kwenye barafu, zifike maabara ndani ya saa chache.