Kwa nini Waarabu wa Ghuba huhamia jangwani wakati wa baridi

Kila ifikapo Januari, wakati sisi hapa Mombasa tunajipepea kwa joto la kaskazi, simu zetu huanza kupokea picha kutoka Kuwait na Oman. Kijana wa mtaani aliyekwenda kazi ya udereva amevaa koti zito, kajifunga kilemba mpaka puani, na nyuma yake kuna mahema na moto. Wazazi huniuliza: huyu mtoto ametolewa kwenye nyumba nzuri akapelekwa kulala mchangani, kwani amekosa nini? Huwajibu kwamba hakuna adhabu hapo. Tajiri wake mwenyewe kalala huko huko, tena kwa kulipia.

Nimeendesha gari Kuwait kwa miaka mitatu, na jambo hili lilinishangaza. Watu wenye majumba ya ghorofa tatu na kiyoyozi kila chumba hungoja mwaka mzima ili wapate kulala kwenye hema. Matembezi hayo huyaita kashta. Mahali pa kwenda huitwa barr, neno lile lile lililotupa sisi "bara", ila bara yetu ni Voi na Nairobi, na yao ni jangwa lisilo na nyumba. Serikali ya Kuwait hutenga maeneo na kutoa vibali vya kambi, kwa kawaida kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi.

Ukitaka kuelewa hamu hiyo, anza na joto lao. Julai 2016, kituo cha Mitribah huko Kuwait kilipima nyuzijoto 53.9, moja ya vipimo vya juu kabisa vilivyowahi kuthibitishwa duniani. Kiangazi cha namna hiyo humfungia mtu ndani kwa miezi: anatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba anaingia cha gari, anatoka cha gari anaingia cha duka. Halafu inakuja Desemba. Mchana jua linaoteka, usiku nyuzijoto hushuka chini ya 10, kwani jangwa halina mawingu wala unyevu wa kulizuia joto lisipotee. Nyoka na nge wengi hujificha. Zikinyesha mvua chache, mchanga huota majani, na ngamia anayekula majani mabichi anaweza kukaa majuma mengi bila kunyweshwa. Pale palipokuwa tanuri pamekuwa malisho. Hata Mwingereza Wilfred Thesiger, ambaye baadaye aliishi miaka mingi Maralal hapa kwetu Kenya, safari zake mbili za kulivuka jangwa la Rub' al Khali pamoja na Mabedui, miaka ya 1940, alizifanya majira ya baridi.

Na baridi yao si ngeni kwetu vile. Hewa nzito ya baridi inayokaa juu ya Asia majira hayo ndiyo inayousukuma upepo kuja huku. Ukivuka bahari unapata joto na unyevu, na ukifika Lamu unaitwa kaskazi. Ndio upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Kuwait na Sur hadi Bandari ya Kale.

Lakini mtu hahami nyumba yake kwa sababu ya hali ya hewa tu. Kule kambini nilimwona bibi mmoja, ambaye nyumbani hakuwa akisema zaidi ya maneno kumi kwa siku, akisimulia mpaka saa saba za usiku jinsi baba yake alivyokuwa akichunga. Kahawa ya iliki inazunguka, tende zipo, chai ya maziwa haikauki. Watoto wamesahau simu. Dereva anaitwa akae kwenye duara, jambo ambalo mjini halitokei. Baada ya mvua familia nzima hutoka kutafuta faga, aina ya uyoga unaokua chini ya mchanga, kwa kutazama ardhi ilipopasuka na kuinuka kidogo. Ndio ule ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, aliutaja katika hadithi sahihi kuwa ni katika manna na kwamba maji yake ni dawa ya macho.

Sitaki kuipamba, hata hivyo. Mpishi na yaya hawako matembezini. Kazi yao huwa mara mbili, na vyombo huoshwa kwa maji ya tangi yanayouma mpaka kwenye mifupa ya vidole. Kuwait pia bado ina mabomu yaliyosalia ardhini tangu vita vya 1990 na 1991, kwa hiyo chuma usichokijua hakiokotwi, hata kiwe kidogo vipi.

Linalonifanya niandike hasa ni makaa. Moto ndio roho ya kambi, na kukiwa na baridi kali mtu hutamani kulala nao. Usiku wa manane seredani huingizwa hemani, mlango ukafungwa kuzuia upepo, watu wakajifunika. Makaa yaliyoiva, mekundu, yasiyotoa moshi hata kidogo, ndiyo yanayodanganya watu. Yanatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili unakosa pumzi ilhali mtu anapumua. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliyekuwa amelala tayari huenda asihisi lolote. Watu hufa hivi kila majira ya baridi katika nchi za Ghuba, na wafanyakazi wa kigeni wamo, kwa sababu mara nyingi hema lao ndilo dogo na ndilo lisilo na hita.

Kuacha upenyo mdogo mlangoni hakutoshi. Ota moto nje ushibe, kisha makaa yabaki huko huko nje na yafukiwe mchanga. Mkiamka wawili au zaidi na kichwa kinawauma, msidhani ni baridi: tokeni wote mara moja, na pigeni simu, 112 kwa Kuwait au 9999 kwa Oman. Hospitalini watapewa oksijeni.

Anayekwenda kambini mara ya kwanza aulize mapema, kabla gari halijatoka mjini, hema la wafanyakazi linapashwa joto kwa kitu gani. Akiambiwa makaa, aombe blanketi la tatu.