Jinsi wanasayansi wanavyofinyanga fuwele za titaniamu

KWA zaidi ya miaka kumi, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, mchanga wa Kwale wenye titaniamu ulipakiwa melini na kupelekwa ng'ambo.

Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa poda nyeupe, oksidi ya titaniamu, inayotiwa katika rangi za nyumba, karatasi na plastiki.

Hata hivyo, poda hiyo ina uwezo mwingine. Mwaka wa 1972, Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha kuwa ikipigwa na miale ya urujuanimno, husaidia kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakitafuta njia ya kuitumia kusafisha maji kwa nguvu za jua.

Kazi hiyo hufanyika kwenye nyuso za fuwele, na kila uso una mpangilio wake wa atomu. Ndiyo sababu umbo la fuwele ni jambo zito.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Fuwele inapokua, uso unaopokea atomu kwa kasi huzidi kuwa mwembamba hadi ukatoweka, kama paa la msonge linavyochongoka kadiri linavyopanda. Nyuso zinazokua polepole ndizo zinazobaki.

Katika aina ya oksidi hiyo iitwayo anatasi, fuwele kwa kawaida hufanana na piramidi mbili zilizounganishwa kitakoni. Nyuso za juu na chini, zenye nishati nyingi, karibu hazionekani.

Mwaka wa 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiwemo Hua Gui Yang na Max Lu, walitia asidi ya hidrofloriki katika mchanganyiko wao. Florini iling'ang'ania nyuso hizo na kuzituliza, zikakua polepole. Fuwele zilizopatikana zilikuwa bapa, na nyuso hizo adimu zikafikia asilimia 47 ya eneo lote. Kisha florini iliondolewa kwa joto la nyuzi 600 za Selsiasi bila kuharibu umbo.

Lakini njia hiyo ina hatari. Asidi hiyo hupenya ngozi na kushambulia hata mifupa, hivyo si ya kuchezewa katika maabara isiyo na vifaa vya kinga.

Aidha, utafiti wa 2011 ulibaini kuwa nyuso hizo zikisafishwa kabisa, si zenye utendaji mkubwa kuliko zote kama ilivyodhaniwa. Mfinyanzi basi sharti ajue pia kilichosalia juu ya chungu chake.

Mchanga kama ule wa Kwale ungalipo Mambrui, Sokoke na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi. Anayeuuza ukiwa mchanga hulipwa bei ya mchanga. Faida ya umbo humwendea anayejua kulifinyanga.