Tina Turner: bibi aliyewapagawisha hata wajukuu

Wiki hii naomba tuwaweke pembeni kidogo hawa vijana wetu wa Bongo Fleva, tuongee habari za bibi mmoja. Usinune. Nina swali la kizushi: huyo staa unayemzimikia leo, ambaye umeweka picha yake kwenye simu, akifikisha miaka 60 utatoa kweli hela yako ya kiingilio kwenda kumwona? Usijibu haraka, maana najua wengine hata mkanda wake wa mwaka juzi mmeshausahau.

Sasa sikia. Mwaka 2000, Tina Turner alikuwa na miaka 60 na alikuwa anajaza viwanja vya mpira Ulaya. Si kumbi, ni viwanja! Watu wakadhani ndiyo basi tena, bibie anastaafu. Mwaka 2008 akarudi jukwaani, na alipomaliza ziara ile mjini Sheffield, Uingereza, Mei 5, 2009, alikuwa na miaka 69. Kimini kilekile, viatu virefu vilevile, na ile miguu ambayo wasichana wa miaka 20 walikuwa wanaionea gere. Wengi waliokuwa chini ya jukwaa walikuwa hawajazaliwa alipotoa wimbo wake wa kwanza.

Alipofariki dunia Mei 24, 2023, akiwa na miaka 83, watu walianza kumiminika kwenye geti la nyumba yake huko Küsnacht, kando ya ziwa Zurich, Uswisi. Walileta maua, mishumaa, picha, barua zilizoandikwa kwa mkono. Uswisi, jamani! Watu ambao tunaambiwa ni wapole kiasi kwamba hata jirani hamsalimii kwa sauti. Walisimama pale wakilia kwa ajili ya mwanamke mweusi aliyekulia kijijini Tennessee kwenye mashamba ya pamba.

Waandishi wengi, wa huko na wa kwetu, ukiwauliza kwa nini alipendwa vile, jibu lao ni moja: alipigwa sana na mumewe, akavumilia, akatoka. Basi. Mimi jibu hilo linanikera. Wanawake wanaopigwa tunao kila mtaa, kuanzia Manzese mpaka Mbagala, na sijaona hata siku moja watu wamepanga foleni kuwanunulia tiketi. Huruma haijazi uwanja. Huruma ni ya wiki moja, ikizidi mwezi. Watu walimpenda Tina miaka 40 na zaidi kwa kitu kingine, na nitajaribu kukionyesha.

Jina lake la kuzaliwa ni Anna Mae Bullock. Alizaliwa Novemba 26, 1939, akalelewa Nutbush, mahali ambapo ukipita na gari ukipiga chafya umeshapapita. Mama yake aliondoka akamwacha angali mtoto, baba naye akafuata njia yake, akabaki kwa bibi. Akiwa kigori alimfuata mama yake St. Louis, na huko ndiko alikokutana na bendi ya Ike Turner. Mwaka 1960 alirekodi A Fool in Love. Ike akampachika jina la Tina Turner bila kumuuliza, halafu, na hapa ndipo pa kushika, akalisajili jina lile liwe mali yake. Hesabu yake ilikuwa rahisi: huyu akiondoka, natafuta msichana mwingine, naye namwita Tina Turner, biashara inaendelea. Kwa kifupi alimfanya mtu kuwa kama duka, wauzaji wanabadilika, kibao cha nje kinabaki kilekile.

Miaka 16 ikapita hivyo. Nyimbo kama Proud Mary ya mwaka 1971 zikatesa. Nyumbani kipigo. Mnaijua hadithi, filamu mmeiona, sirudii.

Julai 1976, mjini Dallas, alitoka hotelini usiku wakati Ike amelala, akakimbia kuvuka barabara kuu, nusura lori limwondoe. Mfukoni alikuwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta ya gari. Meneja wa hoteli ya ng'ambo ya barabara akampa chumba. Talaka ilipokamilika mwaka 1978, mwanamama huyu hakudai nyumba. Alibeba hata madeni ya maonyesho yaliyovunjika kwa sababu ya kuondoka kwake. Kitu alichong'ang'ania ni jina. Lile lile jina alilopachikwa, alitaka liwe lake. Wengine watasema alikuwa mjinga. Mimi nasema alijua hasa kipi kingemlisha.

Lakini haikuja haraka, na hapa ndipo wengi huruka wakisimulia. Kati ya kuondoka kwake na kutamba kwake kuna miaka minane! Aliishi kwa watu, akiwasafishia nyumba ili asile bure. Alipokea msaada wa chakula wa serikali. Akaimba kwenye kumbi za mahoteli, watu wanatafuna nyama huku yeye anatoka jasho. Kampuni za rekodi za Marekani zilimwona mama wa miaka 40 na ushee, mweusi, anayesema anataka kuimba roki kama wazungu wa Rolling Stones, zikacheka. Huyu si ameshachacha?

Ulaya haikucheka. Waingereza walikuwa na kumbukumbu naye ya siku nyingi. Mwaka 1966 wimbo wake River Deep – Mountain High ulikwama kwao Marekani, lakini Uingereza ukafika nafasi ya 3. Basi mwishoni mwa 1983 akarekodi London wimbo wa zamani wa Al Green, Let's Stay Together, na Waingereza walewale wakaupeleka kwenye kumi bora. Kampuni ikashtuka, ikataka albamu nzima haraka haraka. Ikarekodiwa Private Dancer, katika muda wa wiki chache tu, ikauza zaidi ya nakala milioni 10. Septemba 1984 What's Love Got to Do with It ukakamata namba moja Marekani, mwenyewe akiwa na miaka 44, na wala wimbo wenyewe hakuupenda alipousikia mara ya kwanza. Mwanzoni mwa 1985 akabeba tuzo tatu za Grammy usiku mmoja. Tarehe 13 Julai mwaka huohuo, kwenye tamasha la Live Aid, wakati mtoto wa Unguja, Freddie Mercury, anaiteketeza London, Tina alikuwa Philadelphia na Mick Jagger wanafanya vitimbi ambavyo siwezi kuviandika gazetini. Jagger alimvua sketi. Tosha.

Hapo sasa ndipo nilipotaka kufika. Shabiki wa Tina hakuwa anampenda mwathirika. Alikuwa anampenda mtu aliyeambiwa muda wake umekwisha, akakataa. Ni vitu viwili tofauti.

Haya si maneno ya vitabuni. Nina mama mdogo ana saluni Magomeni. Kwa sasa anaelekea miaka 60, lakini ukimkuta anasonga nywele na redio iko juu utadhani ni dada wa kazi wake. Alikuwa na kanda ya Private Dancer, ya kurekodiwa, imeandikwa kwa peni ya buluu. Miaka ya tisini yeye naye alifunga begi moja akatoka kwa mtu, akamwachia kila kitu isipokuwa ile kanda na dryer ya kukaushia nywele, dryer yenyewe bovu. Ndugu wa mume walikuja na wazee kumrudisha. Wakamwambia, "Binti, umri huo nani atakuoa?" Alikuwa na miaka 28. Miaka 28! Mimi mwenyewe nakaribia huko na bado naomba nauli nyumbani.

Siku moja nilimuuliza, "Mama mdogo, ulikuwa unampenda Tina kwa sababu na wewe ulipigwa?" Akaacha kusuka. Yule mteja kichwa kimeinama anasubiri.

"Mwanangu," akasema, "kupigwa sikuhitaji kufundishwa na Mmarekani. Nilikuwa namwangalia alivyokuwa baadaye. Nilitaka kuona kwamba kuna baadaye."

Nikanyamaza, maana ningesema nini?

Tena angalia kichekesho cha historia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini na mawigi Dar es Salaam, Operesheni Vijana, ianze kazi Januari 1, 1969. Vijana wa kijani walikuwa wanawasaka kinadada mitaani. Na Tina wakati huohuo, huko kwao, sare yake ya kazi ilikuwa hivyo vitu viwili hasa, kimini na wigi! Wigi lenyewe halikuwa umalaya wala kuiga wazungu kama tulivyokuwa tunahubiriwa. Nywele zake ziliungua na dawa saluni, zikakatika, na onyesho liko pale pale, akavaa wigi, na toka siku hiyo hakulivua. Kila msusi wa Kariakoo anaijua hadithi hiyo, ila kwa majina mengine.

Mapenzi ya mashabiki wake yalikuwa na sura nyingi. Januari 16, 1988, kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, walifika watu zaidi ya 180,000, ikaandikwa rekodi ya dunia ya watu waliolipa kumwona mwimbaji mmoja. Australia ndiyo wamezidi. Kule wimbo wake wa mwaka 1973, Nutbush City Limits, una mtindo wake wa kucheza kwa mistari ambao watoto wanafundishwa shuleni, kama sisi tulivyofundishwa ngonjera. Harusi, bwalo, sherehe ya kijiji, ukipigwa tu bibi na mjukuu wanasimama mstari mmoja. Mwaka 2023, wiki chache baada ya yeye kufariki, watu zaidi ya 5,000 waliucheza pamoja jangwani karibu na Birdsville, vumbi mpaka magotini. Wimbo wenyewe unahusu kijiji chake cha Tennessee. Wengi wao hawatakiona maisha yao.

Ila na mashabiki nao tuna kosa letu, tusijisafishe. Mwaka 1986 alitoa kitabu cha maisha yake, akitumaini kwamba akishasema kila kitu mara moja, watu watamwacha apumzike na habari za Ike. Wapi! Mwaka 1993 ikaja filamu, Angela Bassett akaicheza vizuri mpaka ikawa balaa, kwa sababu sasa hata wasiojua wimbo wake mmoja walijua alivyopigwa. Yeye akawaambia waandishi kwamba hajaitazama. Mtu anatoka kwenye moto, na kila anapokaa anaulizwa moto ulikuwaje. Ukimpenda mtu kwa kovu lake, siku atakapotaka kulifunika utakasirika. Katika filamu ya maisha yake ya mwaka 2021 unamwona ametulia kabisa, anaongea kama mtu anayeaga. Alikuwa ameshawapa watu vya kutosha.

Na mapenzi ya nyumbani aliyapata, japo kwa kuchelewa. Erwin Bach, Mjerumani aliyekuwa anafanya kazi ya muziki, walikuwa pamoja toka miaka ya themanini na wakafunga ndoa Julai 2013, bibi harusi akiwa na miaka 73. Mwaka huohuo akawa raia wa Uswisi, akapatwa na kiharusi. Figo zilipomshinda, Bach akampa ya kwake, Aprili 2017. Akina kaka, sisi ambao hata kumpa mtu salio la simu tunanuna, hapo tunyamaze kidogo.

Huko kwao Brownsville, shule ya chumba kimoja aliyosoma ilihamishwa na kufanywa makumbusho yake mwaka 2014, mna magauni yake na rekodi za dhahabu. Mwaka 2025 wakamsimamishia na sanamu ya shaba, urefu futi 10. Basi ikawa kasheshe! Mashabiki waliiponda wiki nzima, wengine nywele, wengine mdomo, kwamba huyu siye Tina wetu. Mtu ameshakufa miaka miwili na bado watu wanagombana kwa ajili ya nywele zake.

Nilimwonyesha mama mdogo picha ya ile sanamu kwenye simu. Akavaa miwani, akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Wigi limekaa vibaya," akasema. "Wangeniletea mimi, nusu saa tu."