Scamper: kutoroka au kukimbiakimbia?

Kitenzi cha Kiingereza scamper kilianza kuandikwa katika karne ya 17, kikiwa na maana ya kutoroka kwa haraka. Wataalamu wengi hukihusisha na scampare ya Kiitaliano, yaani kuokoka au kukimbia hatari, yenye asili ya Kilatini: ex, nje, na campus, uwanja, hasa wa vita. Campus hiyohiyo ndiyo iliyotupatia kampasi ya chuo kikuu. Leo hofu ya vita imefifia. Scamper husemwa zaidi juu ya panya, sungura na watoto wanaokimbia kwa hatua fupi za upesi, mara nyingi kwa furaha. Hivyo umri wa matini una uzito. Askari wa hadithi ya kale alitimua mbio akatoroka. Mtoto wa hadithi ya leo anakimbiakimbia tu, na kumwandikia “alitoroka” ni kumzulia kosa.