Ghala Moja, Wenye Ahadi Wengi

Wengi wetu tukimaliza masomo hutamani kazi ya kompyuta katika ofisi, hospitali au benki, hapa Arua, kule Koboko au mbali zaidi. Baadhi ya ndugu zetu waliotutangulia ndio watunzaji wa seva sasa. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze jambo moja linalookoa fedha nyingi, nalo laweza kuharibu kazi ya watu wengi kwa saa moja: kugawa nafasi ya diski kwa ahadi.

Tuseme ofisi ina diski za terabaiti 10 na idara nne. Kila idara yaomba terabaiti 4, maana kila mkubwa hufikiria miaka mingi ijayo. Kwa desturi ya zamani, idara mbili zingepata na mbili zingekosa. Tena, kama hizo mbili zina habari za terabaiti moja moja tu, basi terabaiti 6 zimefungwa bure. Ni sawa na baba kumjengea kila mwana ghala kubwa kabla shamba halijalimwa.

Njia ya pili ni ghala moja la pamoja. Kila idara hupewa volumu inayojionyesha kuwa na terabaiti 4, lakini nafasi ya kweli huchukuliwa pale tu habari inapoandikwa, kipande kwa kipande. Kampuni ya Marekani iitwayo 3PAR, iliyonunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 2010, ilijulikana sana kwa njia hii. Leo hata Linux yaweza kuifanya bila malipo, kwa programu ya LVM. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, unganisha diski zote ziwe kundi moja.

Pili, ndani ya kundi jenga ghala la terabaiti 8, ubakize 2 za akiba.

Tatu, tengeneza volumu nne, ukizipa ukubwa wa ahadi wa terabaiti 4 kila moja. Jumla ya ahadi ni 16.

Nne, weka alama ya hadhari. Ukiandika 80 na 20, ghala likipita asilimia 80 litajiongeza kwa asilimia 20, maadamu kundi lina akiba. Lakini angalia: LVM huja na alama ya 100, na maana yake ni kwamba ghala halijiongezi kabisa.

Sasa fanya hesabu. Mara ya kwanza ghala litaongezwa terabaiti 1.6. Mara ya pili akiba haitatosha, na lazima diski mpya zinunuliwe. Kwetu West Nile diski kubwa za seva huagizwa Kampala, mwendo wa kilomita zipatazo 500, nazo fedha hungoja sahihi za wakubwa. Mwenye kungoja asilimia 95 amechelewa.

Ghala likijaa kabisa, LVM husimamisha maandishi kwa sekunde 60, kisha huyakataa. Wanaoumia si wale waliojaza tu. Hata karani aliyetumia nafasi kidogo, ambaye kompyuta yake yamwonyesha nafasi tele, kazi yake hukataliwa, na faili zake zaweza kuharibika.

Tena kufuta faili peke yake hakurudishi nafasi ghalani; lazima volumu iarifu ghala, na katika Linux amri ya fstrim hufanya kazi hiyo. Pia ghala lina daftari lake la kukumbuka kila kipande ni cha nani, nalo laweza kujaa. Amri ya lvs huonyesha asilimia za yote mawili. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mimi siilaumu njia hii. Ofisi yenye fedha chache yaihitaji sana. Lakini naona kwamba anayetoa ahadi ndiye apaswaye kuhesabu kila juma, na kuwaambia wakubwa mapema kwamba 16 ni ahadi na 10 ndiyo mali. Ndugu zetu mlio kazini, tazameni maghala yenu leo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita