Je, mbwa anajua kwamba uchungu umekaribia?

Wanawake wengi wanaoishi na mbwa husimulia mambo yanayofanana. Katika wiki za mwisho za ujauzito mbwa huanza kumfuata mama kila aendako, hulala mlangoni mwake, humnusa tumbo, au humbwekea mgeni aliyekuwa amemzoea. Mbwa wengine hufanya kinyume: hujitenga, au huzunguka uani usiku kucha. Mtoto akizaliwa siku mbili baadaye, familia husema mbwa alijua.

Si ajabu mbwa akitambua kwamba kuna kitu kimebadilika. Pua yake ina chembe zaidi ya milioni 200 za kutambua harufu, wakati ya binadamu ina milioni 5 au 6 hivi. Homoni za mama hubadilika sana katika ujauzito, na harufu ya mwili wake inaweza kubadilika pia. Tena mbwa hatumii pua peke yake. Anaona unatembea kwa kuyumba, unaamka mara nyingi usiku kwenda chooni, unahema ukiinama, unapanga na kupangua nguo za mtoto. Ratiba ya nyumba ikivurugika, mbwa naye hutulia kwa shida.

Lakini kutambua mabadiliko si sawa na kujua saa ya kujifungua. Mwaka 2018 watafiti kutoka Uingereza walieleza jinsi mbwa walivyonusa soksi zilizovaliwa na watoto wa Gambia, wakatambua takriban 7 kati ya kila 10 za watoto wenye vimelea vya malaria. Mbwa hao walikuwa wamefunzwa kutafuta harufu hiyo moja tu. Mbwa wako hajafunzwa kutambua uchungu, na hakuna utafiti thabiti unaoonyesha kwamba anaweza kuutabiri. Kumbukumbu zetu nazo zinachagua: usiku ambao mbwa alihangaika na asubuhi uchungu ukaanza haumtoki mtu, ila zile siku 10 alizohangaika bila chochote kutokea husahaulika.

Kuna pia wanaoogopa mbwa akilia kwa kuvuta sauti usiku, wakiamini ni ishara ya msiba. Kwa mjamzito aliye karibu kujifungua, maneno hayo humnyima usingizi bure. Mbwa hulia hivyo anapojibu mbwa wengine, anapokuwa mpweke au anapoumwa, na dume hulia akinusa jike lililo kwenye joto. Mtoto wako hahusiki.

Kwa hiyo usisubiri mbwa akupe ishara, wala usitulie nyumbani kwa sababu mbwa ametulia. Mwili wako ndio unaosema. Uchungu wa kweli huja na kuachia kwa mpangilio, huzidi nguvu, vipindi hukaribiana, na hauishi ukitembea au ukibadilisha mkao. Unaweza kuona ute wenye damu kidogo, au chupa ikapasuka na maji yakatoka. Maumivu yakija kila baada ya dakika 5 na kila moja likachukua kama dakika nzima, uwe tayari kituoni. Kama unaishi mbali au usafiri wa usiku ni mgumu, ondoka mapema zaidi. Chupa ikipasuka, nenda hata kama huna maumivu.

Nenda mara moja, bila kujali wiki za ujauzito, ukitokwa na damu kama ya hedhi au zaidi, ukiumwa kichwa sana, ukiona maruweruwe, ukipata homa au degedege, maji yakiwa ya kijani, au mtoto akipunguza kucheza.

Hatari ya mbwa ambayo ni ya kweli kabisa ni kuumwa. Mbwa mwenye hofu, aliyekanyagwa na mama asiyeona miguu yake kwa sababu ya tumbo, anaweza kung'ata hata kama ni mpole. Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wapo wajawazito wanaoiogopa chanjo ya kichaa cha mbwa wakidhani itadhuru mimba. Chanjo hiyo ni salama katika ujauzito, na dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza ugonjwa huo huua karibu kila mara. Usiahirishe hata dozi moja kwa sababu unakaribia kujifungua. Mwambie mkunga umefikia dozi ya ngapi ili uendelee hata baada ya kujifungua.

(Ule ugonjwa wa toksoplasmosisi ambao wajawazito huonywa juu yake unahusu kinyesi cha paka, si cha mbwa. Hata hivyo, nawa mikono baada ya kumhudumia mbwa.)

Mtoto akiwa bado tumboni, hakikisha mbwa amechanjwa na amepewa dawa ya minyoo. Kama ataacha kulala ndani, mhamishe sasa, si siku utakayorudi na kichanga. Ukiwa bado kituoni, mtu anaweza kumpelekea kitambaa alichofungwa mtoto akinuse. Siku ya kurudi, mwingine ambebe mtoto wakati wewe unamsalimia mbwa, kwa sababu atakuja kwa kishindo. Baada ya hapo, usiwaache wawili hao peke yao chumbani, hata kwa muda wa kwenda kuepua sufuria.